Nukta nyeupe katika picha za mikoko: jinsi mionzi ya anga za juu inavyolichosha jicho la setilaiti

Swali linatoka kwa mwalimu mmoja wa Lamu: “Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu picha za setilaiti za mikoko yetu, kuanzia Mkanda hadi Kiunga. Katika picha za setilaiti moja ndogo naona nukta nyeupe ambazo hazikuwapo mwanzoni, na katika picha za usiku huonekana taa baharini mahali ambapo wavuvi wetu wanaapa kwamba hawakuwapo. Kijana mmoja aliyesomea uhandisi ameniambia kuwa mionzi ya anga za juu huila kamera. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, huila vipi, ilhali simu yangu imepigwa jua miaka sita na kamera yake haijaingia hata nukta moja? Na sisi tulio jirani na Ikweta, je, tuna nafuu yoyote?”

Mwalimu, kijana wako amesema kweli. Nukta ulizoziona, ikiwa hukaa mahali pale pale katika kila picha ghafi na huongezeka kadiri miezi inavyopita, karibu bila shaka ni makovu ya chembe zilizopenya ndani ya kihisi cha kamera. Taa za usiku ni habari nyingine, ingawa huenda chanzo chake ni hizo hizo chembe, nami nitazieleza mbali, kwa sababu nukta ni jeraha la kudumu na taa ya uongo ni mwako wa mara moja usioacha alama. Mambo haya mawili yakichanganywa, mtu mmoja huitupa picha nzuri na mwingine huiamini picha mbovu, na nimeyaona yote mawili yakitokea kwa watu wenye nia njema kabisa.

Kihisi ni kipande chembamba cha silikoni kilichogawanywa katika vijisanduku mamilioni, ndivyo hivyo tunavyoviita pikseli. Atomi za silikoni ndani yake zimejipanga kwa utaratibu mkali sana, kama ukindu katika mkeka uliosukwa na fundi asiyekosea hata ukili mmoja. Nuru inapoingia, kila chembe yake huifungua elektroni moja, chembe ndogo ya umeme, kutoka katika kifungo chake. Elektroni hizo hukusanyika ndani ya pikseli, kisha huhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo mwangaza tunaouona katika picha. Kuifungua elektroni moja kunahitaji nishati ndogo mno, kiasi cha elektronivolti 1.12 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe), na chembe ya nuru ya kijani ina zaidi ya 2. Kamera ya simu yako, kamera ya setilaiti ndogo na kamera za darubini ya Hubble zote zinasimama juu ya jambo hili moja.

Huko juu, hata hivyo, si nuru peke yake inayoingia. Dunia imezungukwa na mikanda miwili mikubwa ya protoni (chembe za kiini cha atomi) na elektroni zilizonaswa na usumaku wake, mikanda iliyogunduliwa mwaka 1958 kwa kipimo ambacho James Van Allen na wenzake walikiweka ndani ya setilaiti ya Explorer 1. Jua nalo, linapolipuka, hurusha protoni ambazo huweza kutufikia kwa muda usiozidi saa moja. Na kutoka mbali zaidi, nje kabisa ya familia ya Jua letu, huja miale ya kosmiki, chembe chache lakini zenye nguvu za kutisha. Chembe hizi hazipimwi kwa elektronivolti mbili au tatu. Hupimwa kwa mamilioni, na zile za mbali kwa mabilioni. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako juu ya simu. Jua linalopiga simu yako juani ni nuru na joto tu. Chembe zenyewe zimezuiwa na usumaku wa Dunia na hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, ambayo uzito wake ni sawa na tabaka la maji lenye kina cha mita 10. Setilaiti haina paa hilo.

Protoni inapokatiza kihisi, kwanza hufungua elektroni njiani mwake, kama nuru ifanyavyo, ila kwa wingi: chembe yenye kasi kubwa huacha elektroni takribani 80 kwa kila maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) ya silikoni, na protoni za mwendo wa wastani huacha mamia. Matokeo yake ni nukta kali au mkwaruzo mwembamba katika picha moja. Kihisi kikishasomwa na kusafishwa, picha inayofuata haina habari nayo. Tarehe 14 Julai 2000, Jua lilipolipuka kwa nguvu, kamera za chombo cha SOHO zinazolitazama Jua zilijaa vimulimuli vyeupe hadi picha ikawa kama imetupiwa konzi za unga, na dhoruba ilipopita, picha zikasafika tena. Huu si uharibifu wa jicho. Ni mchanga ulioingia machoni na kutoka.

Taa zako za baharini ziko katika fungu hili. Kihisi kinachopiga picha nyingi za usiku tunazozitumia, kilichomo ndani ya setilaiti ya Suomi NPP iliyorushwa tarehe 28 Oktoba 2011, kina uwezo wa kuona taa za mashua kutoka kilomita zaidi ya 800 juu. Kihisi chenye macho makali namna hiyo huona pia kila protoni inayokipiga. Kusini mwa Atlantiki, upande wa pili wa bara letu, picha zake za usiku hujaa taa za uongo, kwa sababu huko ndiko ukanda wa ndani wa mionzi unakoshuka chini zaidi. Huku kwetu taa hizo ni adimu, ingawa hazikosekani. Ipo njia ya kuzitambua. Nuru ya karabai ya kweli, au ya taa za mashua ya wavuvi wa dagaa, hupita kwanza katika lenzi na vioo, kwa hiyo hufika ikiwa imetawanyika kidogo na kugusa pikseli za jirani. Protoni haipiti katika lenzi. Hutoboa ubavu wa setilaiti na kukipiga kihisi moja kwa moja, na kwa hiyo huacha ncha kali katika pikseli moja huku majirani wake wakibaki gizani. Tena haitarudi mahali hapo usiku wa pili. Kabla ya kuwaambia wavuvi kwamba wamesema uongo, tazama umbo la taa na utazame usiku tatu au nne mfululizo.

Sasa nije kwenye jeraha lenyewe.

Mara chache, protoni haiishii kufungua elektroni. Huigonga atomi ya silikoni yenyewe na kuing'oa mahali pake. Kiasi cha elektronivolti 20 hivi kinatosha kufanya hivyo, na protoni inakuja na mamilioni. Atomi iliyong'olewa huenda ikajibana mahali pasipo pake, na pengo ililoliacha hutangatanga ndani ya fuwele mpaka likutane na kitu cha kulishika, mara nyingi atomi ya fosforasi ambayo wenye kiwanda waliitia kwa makusudi ili silikoni ipitishe umeme watakavyo. Vikishikana, huwa kasoro imara. Fikiria mkeka ambao ukindu mmoja umechomoka: mkeka haujatatuka, mtu anaweza kuulalia, lakini pale palipochomoka kila kitu kidogo hupenya.

Kasoro hiyo hufanya kazi ya ngazi. Katika silikoni safi, elektroni ikitaka kujifungua bila nuru, kwa joto la kawaida tu, inalazimika kupanda elektronivolti 1.12 kwa mruko mmoja, na ni chache zinazoweza. Penye kasoro pana kipandio katikati, na elektroni hupanda kwa hatua mbili. Pikseli hiyo huanza kujaza elektroni hata ikiwa gizani tii, na katika picha huonekana nyeupe au yenye mwanga kupita wenzake. Hii ndiyo nukta yako, Mwalimu. Na kwa kuwa kinachozipandisha elektroni ni joto, nukta hiyo hung'aa zaidi kamera inapopata joto na hufifia inapopoa; kila jotoridi linaposhuka kwa nyuzi 7 hivi, elektroni hizi za giza hupungua karibu nusu. Ndiyo maana nukta moja yaweza kuonekana katika picha ya leo na kukosekana katika picha ya kesho, mtu akadhani kamera imepona.

Zipo pia pikseli vigeugeu, na hizi kwangu ndizo mbaya kuliko zote. Kasoro ndani yake huwa na hali mbili au zaidi, nayo huruka kutoka moja hadi nyingine bila ratiba: dakika kadhaa inatoa mwanga mwingi, kisha ghafla kidogo, kisha mwingi tena. Nukta tulivu unaweza kuipima leo na kuitoa kesho. Kigeugeu hakikubali kupimwa, na anayefuatilia mabadiliko ya mikoko kwa kulinganisha tarehe mbili aweza kukisoma kama mkoko uliokatwa.

Katika aina ya vihisi iitwayo CCD, ambayo ndiyo iliyotawala anga za juu kwa miongo mingi, kasoro hizo hizo huleta ubaya wa pili. CCD haihesabu elektroni pale zilipokusanyika. Huzisogeza pikseli kwa pikseli hadi ukingoni, ambako zinahesabiwa. Wazia watu elfu mbili wamejipanga kutoka visima vya Shela wakipokezana ndoo za maji kuelekea mjini. Wote wakiwa waaminifu, kila ndoo hufika ilivyojazwa. Protoni ikipita, mmoja katika mstari hupata tabia mpya: huchota kikombe katika ndoo inayopita, hukaa nacho kidogo, kisha hukimimina katika ndoo inayokuja nyuma. Maji hayajapotea, lakini ndoo ya kwanza imepungua na ya nyuma imezidi. Katika picha, nyota iliyotakiwa kuwa nukta huota mkia upande ulio mbali na mahali pa kuhesabia.

Hesabu yake inashangaza kwa jinsi kosa dogo linavyokua. Ikiwa kila mkono unafikisha sehemu 0.99999 ya ulichopokea, baada ya mikono 2,048 hufika karibu asilimia 98. Ikishuka na kuwa 0.9999, badiliko ambalo kwa mkono mmoja lisingeonekana kabisa, hufika asilimia 81 au 82 tu. Kwa hiyo kitu kilicho mbali na ukingo huonekana hafifu kuliko kilivyo, na vitu hafifu ndivyo vinavyoumia zaidi, maana kikombe kilichochotwa katika ndoo iliyojaa hakihisiwi, lakini kikichotwa katika ndoo yenye vikombe vitatu huwa ni theluthi nzima.

Kisa kilichowafunza wataalamu somo hili kwa uchungu ni cha darubini ya Chandra, inayotazama mianga ya eksirei. Ilirushwa tarehe 23 Julai 1999 katika mzingo, yaani njia ya kuizunguka Dunia, mrefu sana unaoipeleka zaidi ya theluthi moja ya umbali wa Mwezi na kuirudisha, hivyo kila mzunguko hukatiza mikanda ya mionzi. Kamera yake kubwa ilikingwa vizuri pande zote dhidi ya chembe kali. Hatari ikaingia kwa mlango wa mbele. Protoni dhaifu, zenye elektronivolti laki moja hivi, ziliteleza juu ya vioo vya darubini kama jiwe bapa linavyoruka juu ya maji na kuelekezwa moja kwa moja kwenye vihisi. Udhaifu wake ndio uliokuwa ubaya wake: protoni kali ingepenya na kwenda zake, lakini hizi zilisimama ndani ya maikromita moja hivi ya kwanza, pale hasa zinapopita elektroni katika vihisi vinavyopokea nuru kwa upande wa mbele. Kufikia Septemba vihisi vinane vya namna hiyo vilikuwa vimeumia sana. Viwili vilivyobaki, vinavyopokea nuru kwa upande wa nyuma, vilinusurika, kwa kuwa njia yao ya elektroni ilikuwa imefichwa nyuma ya unene wa silikoni ambao protoni hizo hazikuweza kuumaliza. Dawa ilikuwa nyepesi mara ilipojulikana: kila darubini inapokaribia mikanda, kamera huondolewa mbele ya vioo na kufichwa. Uharibifu ule wa haraka ulisimama, na Chandra imeendelea kufanya kazi kwa zaidi ya robo karne tangu hapo. Darubini ya Ulaya, XMM-Newton, iliyorushwa Desemba mwaka ule ule, ilikuta somo limekwisha kuandikwa.

Upo uharibifu wa aina ya tatu ambao nitaupitia upesi. Juu ya silikoni kuna tabaka jembamba la oksidi lisilopitisha umeme. Mionzi ikilipitia mwaka baada ya mwaka, huacha humo chaji zisizoweza kutoka, na chaji hizo hupotosha volti zinazoongoza kihisi na kuongeza umeme wa giza katika pikseli zote kwa pamoja, si moja moja. Vioo vya lenzi navyo hugeuka rangi ya chai visipotiwa madini ya seriamu tangu kiwandani. Haya hayaleti nukta. Huleta picha inayopoteza ung'avu wake polepole.

Utauliza kwa nini kamera isizungushiwe tu chuma kizito. Huzungushiwa, na kwa elektroni kinga husaidia sana: milimita chache za alumini huzizuia nyingi. Protoni ya elektronivolti milioni 10 nayo husimama kabla ya kumaliza milimita moja. Ile ya milioni 100, hata hivyo, inahitaji karibu sentimita 4 za alumini, na hakuna setilaiti ndogo inayoweza kubeba kuta za unene huo. Isitoshe, chembe kali sana zikigonga metali nzito huzaa chembe nyingine, na kuta zikawa chanzo cha mvua mpya. Kwa hiyo wahandisi hukubali kwamba kihisi kitaumia, kisha hupanga namna ya kuishi na majeraha. Hukipoza ili nukta zififie. Mojawapo ya kamera kuu za Hubble, iliyofungwa mwaka 2002, huwekwa kwenye baridi ya karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Hupiga picha za giza, shata ikiwa imefungwa, ili kujua kila pikseli inatoa kiasi gani bila nuru, kisha huitoa hesabu hiyo katika picha halisi. Humwaga nuru kidogo juu ya kihisi kizima kabla ya kukisoma, ili wale wachotaji wa vikombe wawe wamekwisha kushiba kabla ya ndoo yenye thamani kupita.

Tena hukipasha joto. Jambo hili huwashangaza watu, baada ya kuambiwa kwamba joto huzidisha nukta. Picha hupigwa katika baridi, lakini matibabu hufanywa kwa joto, kwa sababu atomi zikipata joto hutikisika, na baadhi ya zilizochomoka hurudi mahali pake. Kamera za Hubble huachwa zipate joto la chumba karibu kila mwezi, na sehemu kubwa ya nukta mpya hutoweka. Mikia haitoweki, kwa sababu kasoro ile ya pengo na fosforasi haivunjiki hadi ifikie nyuzi 150 hivi, joto ambalo kamera yenyewe haitalivumilia. Mbali zaidi, kwenye sayari ya Mshtarii, ambako mionzi ni mikali kuliko kwetu mara nyingi, kamera ya chombo cha Juno ilianza kuharibika katika mzunguko wa 47, na kufikia wa 56 karibu picha zote zilikuwa zimechafuka kwa mistari. Wahandisi waliipasha joto hadi nyuzi 25, wakaona nafuu kwa muda, kisha wakaipasha zaidi wakiwa hawana uhakika. Picha zilirudi siku chache tu kabla ya chombo kupita karibu na mwezi wa Io tarehe 30 Desemba 2023. Katika kisa hiki lazima niseme kwamba aliyeshukiwa hakuwa kihisi, bali kifaa kinachodhibiti volti za kamera. Mionzi haichagui, na wakati mwingine jicho ni zima ila mshipa unaolilisha ndio ulioumia.

Umeuliza kama Ikweta inatupa nafuu. Inatupa, tena nafuu kubwa, na ushahidi wake uko baharini karibu na kwangu. Mtu akienda Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, huona majukwaa ya San Marco yamesimama ndani ya maji. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za anga, na kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Mzingo wake uliinama nyuzi 3 tu kutoka Ikweta. Sababu moja ya kupendelea mzingo wa namna hiyo ni hii tunayoizungumzia. Juu ya Ikweta mistari ya usumaku wa Dunia imelala sambamba na ardhi, na miale ya kosmiki inayotaka kushuka lazima ikatize mistari hiyo, nyingi hurudishwa. Kwenye ncha za Dunia mistari imesimama wima na mlango uko wazi. Zaidi ya hayo, kitovu cha usumaku hakiko katikati kabisa ya Dunia, kimesogea kiasi cha kilomita 500 kuelekea Pasifiki, na kwa ajili hiyo ukanda wa ndani wa mionzi umeinama upande wa Brazili na Atlantiki ya kusini hadi kufikia kilomita 200 hivi kutoka ardhini. Hubble, inayozunguka kwa mwinamo wa nyuzi 28.5, hupita humo mara kadhaa kila siku, na kila ikipita husimamisha kazi. Setilaiti inayoshikamana na Ikweta hugusa ukingo tu wa eneo hilo. Ndiyo maana setilaiti za kuchunguza anga kama BeppoSAX ya Italia mwaka 1996, AGILE mwaka 2007, NuSTAR ya Marekani mwaka 2012 na IXPE mwaka 2021, zote ziliwekwa kwenye mizingo ya karibu na Ikweta, na zote zimewahi kushusha data zake katika kituo cha hapa Malindi. Nikiwaeleza vijana wa hapa kwamba pwani yao iko chini ya mojawapo ya njia tulivu kuliko zote katika anga ya karibu na Dunia, hulipokea kama habari ya mbali, nami husikitika, kwa sababu ni habari ya juu ya vichwa vyao.

Lakini nafuu hiyo haizifikii picha zako za mikoko, na hapa ndipo wengi hukosea. Setilaiti inayopiga picha ya Lamu haikai juu ya Lamu. Landsat 8, kilomita 705 juu, na Sentinel-2, kilomita 786, huzunguka kupitia karibu na ncha za Dunia ili ziione ardhi yote katika saa ile ile ya mchana, na Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, iliwekwa katika njia ya aina hiyo hiyo. Zinapotupita sisi ziko salama kwa dakika chache. Muda mfupi kabla au baada ya hapo zimevuka ncha zilizo wazi, na mara kadhaa kila siku zimekatiza Atlantiki ya kusini. Kihisi kilichopiga picha ya Mkanda wa Lamu kimeumia huko, kikaja na kovu lake huku.

Kwa nukta ulizoziona, basi, fanya hivi. Omba picha ghafi, kabla haijapangwa juu ya ramani, kwa sababu picha ikishageuzwa na kunyooshwa, nukta ya kihisi huangukia mahali tofauti pa nchi kila safari na huwezi kuitambua. Katika picha ghafi, hesabu safu na mstari wa kila nukta. Ikiwa nukta iko safu ile ile na mstari ule ule katika picha ya Pate na katika picha ya Tana, hiyo ni ya kihisi. Ikiwa imeandamana na mahali, kwa mfano iko kila mara kwenye kona ile ile ya kisiwa, hiyo ni ya nchi, yaweza kuwa paa jipya la bati. Ikiwa imetokea mara moja haikurudi, ni chembe iliyopita. Setilaiti ndogo siku hizi hutumia zaidi vihisi vya CMOS, ambavyo husoma kila pikseli mahali pake bila kupokezana ndoo, kwa hiyo tarajia nukta na vigeugeu, usitarajie mikia. Na katika Landsat 8 au Sentinel-2 usitafute nukta, maana kamera zao hazipigi fremu; zina safu ndefu ya vihisi, karibu 7,000 kwa kila rangi katika Landsat 8, inayofagia ardhi kadiri chombo kinavyosonga, na kihisi kimoja kikiharibika huacha mstari mwembamba unaofuata njia ya chombo. Wasimamizi wake huipima mara kwa mara kwa giza, kwa nuru ya Jua na hata kwa kuielekeza kwenye Mwezi, hivyo mistari hiyo mara nyingi imekwisha kusawazishwa kabla picha haijakufikia. Mistari mipana myeusi ya Landsat 7, ambayo bila shaka umeiona ikikatakata picha za tangu mwaka 2003, haihusiani na mionzi hata kidogo: ni kifaa cha kusawazisha mistari kilichokwama tarehe 31 Mei mwaka huo, na karibu asilimia 22 ya kila picha ikapotea.

Wanafunzi wako wanaweza kuliona jambo hili wenyewe bila setilaiti. Chukueni simu ya zamani ambayo kamera yake inakubali kufunguliwa kwa sekunde kadhaa, izibeni lenzi kwa utepe mweusi wa gundi, muifunike kwa kitambaa kizito ndani ya chumba chenye giza, mpige picha kumi. Kisha iwekeni juani hadi ipate moto, mrudie, na baadaye muipoze na kurudia mara ya tatu. Kuzeni picha hizo katika kompyuta: mtakuta nukta chache zisizohama, nyangavu katika moto na hafifu katika baridi, ambazo kamera ya mchana haikuwahi kuwaonyesha kwa sababu picha zake hufunguliwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mkibahatika, mtaona pia mkwaruzo mdogo katika picha moja usiorudi katika nyingine. Huo ni muoni, mtoto wa mwale wa kosmiki uliovunjikia juu angani. Huanguka kiasi cha mmoja kila dakika juu ya kila sentimita ya mraba ya ardhi, Lamu kama kwingineko. Andikeni safu na mstari wa kila nukta katika daftari, na mrudie kipimo hicho baada ya mwaka kwa simu ile ile.